Gari Hili Lilipita Njia Gani?

Nilitumia miaka miwili kulitafuta gari lenye urefu wa milimita 17.

Ni gari la deraya la Rolls-Royce, muundo wa 1914, lenye kibanda cha mviringo juu kwa ajili ya bombomu, kama wazee walivyoiita bunduki ya rashasha. Gari lenyewe, lile la chuma lililopigana vita, lilikuwa na urefu wa karibu mita tano. Langu ni la kipimo cha 1/285, kwa hiyo unaweza kulifunika kwa kizibo cha soda na mtu asijue kuna kitu. Kifurushi cha kwanza kilipotea njiani. Cha pili kilifika Dar es Salaam, kikakaa miezi minne kwa ndugu wa rafiki, kisha kikapanda basi hadi Sumbawanga ndani ya mfuko wa vitenge. Ukijumlisha bei na usafiri, nililipa thamani ya gunia la mahindi, na hapa kwetu gunia la mahindi si mzaha.

Jumamosi nikalipeleka kwa Mwalimu.

Mwalimu ni mstaafu wa historia na jiografia, na ndiye mtu pekee mjini hapa ninayecheza naye vita vya mezani. Meza yake ni ya mninga, ndefu kama mita mbili. Juu tunatandaza blanketi la kijani, chini ya blanketi tunapanga vitabu kuwa milima ya Mbizi, na upande wa magharibi tunalaza kanga ya buluu, ambayo ni Ziwa Tanganyika. Ilikuwa Juni, baridi ile ya Ufipa inayomfanya mtu mzima akae na koti sebuleni. Nikamwamkia, nikafungua kisanduku cha kiberiti, nikaliweka gari langu kwenye njia ya Kasanga. Mwalimu akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa blanketi.

“Zuri,” akasema. “Limepita njia gani mpaka kufika hapa?”

“Kwa basi la Dar, Mwalimu. Kupitia Tunduma.”

“Siulizi hili la bati, kijana. Nauliza lenyewe. Mwaka 1916, kutoka Mbala kuja Kasanga. Lilipita njia gani?”

Sikuwa na jibu. Naandika haya kwa sababu nimekuja kuamini kwamba wengi wetu tunaopenda mchezo huu hatuna jibu, na kwamba tumejizoesha kutoulizwa.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Watu wazima wawili wanakaa mezani na vijisanamu vya askari, vifaru, mizinga na meli. Kila mmoja ana jeshi lake. Umbali unapimwa kwa rula, matokeo ya mapigano yanaamuliwa kwa dadu, na kuna kitabu cha kanuni ambacho kila mtu anakisoma kwa namna inayomfaa. Mwandishi wa Kiingereza H.G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za mchezo wa namna hii mwaka 1913, mwaka mmoja kabla vita halisi havijaanza, na tangu hapo watu wameongeza kurasa. Wanaojua mpira watanielewa: kuna wanaocheza, na kuna wanaobishana kuhusu viatu.

Mimi nilikuwa wa viatu. Naweza kukueleza bila kupumua tofauti ya kipimo cha 1/285 na 1/300. GHQ ya Marekani hutengeneza vya 1/285, Heroics & Ros ya Uingereza vya 1/300, na wanunuzi wamegombana miaka mingi kama vinaweza kukaa meza moja. Chukua lori la mita nne. Katika 1/285 litakuwa milimita 14, katika 1/300 milimita 13 na kitu. Tofauti haifiki hata unene wa shilingi. Nimekesha kwa tofauti hiyo. Nimewahi pia kununua Rolls-Royce ya plastiki ya Roden, ya 1/72, gari la karibu sentimita saba linalokuja vipande vipande kama saa iliyofumuliwa. Ukiniuliza ipi bora, nitakwambia ya plastiki ni ya kabatini: matairi yake ni membamba kama inavyotakiwa, ribiti zinahesabika, na mtoto akiipiga chafya inavunjika. Ya chuma ni ya mezani. Matairi yake yamevimba kama ya trekta, lakini inaanguka sakafuni na kuokotwa. Zamani vijisanamu hivi vilimiminwa kwa risasi, yale madini, na nimekuwa nikifurahia kwamba kwa Kiswahili askari wa risasi na risasi itakayomuua ni neno moja.

Hayo yote ni maarifa, siyakani. Ila ni maarifa kuhusu kitu ambacho hakikuwepo.

Magari ya deraya ya Waingereza yalikuwepo katika vita vya Afrika Mashariki, kweli. Yalipigana kaskazini, upande wa Kilimanjaro, kwenye nyika kavu. Huku kwetu vita vilikuwa vingine. Mpaka wa Wajerumani na Waingereza ulipita kusini mwa uwanda wa Ufipa, na Mbala, wakati huo ikiitwa Abercorn, ilikuwa upande wa Waingereza. Julai 1915 Wajerumani waliizingira ngome ya Saisi, mashariki ya Abercorn, wakashindwa kuwatoa askari polisi wa Rhodesia ya Kaskazini na askari wa Kongo ya Wabelgiji waliokuwa ndani. Mei 1916 mambo yakageuka. Kikosi cha Murray kilivuka mpaka, kikaizingira Namema, kisha kikaelekea Kasanga, ambayo Wajerumani waliita Bismarckburg na ambako magofu ya boma lao bado yapo juu ya maji. Juni 8, 1916 Waingereza wakaichukua. Wajerumani walikuwa wameshatoroka usiku kwa mitumbwi.

Na hapa kuna jambo ambalo kila mpenzi wa vijisanamu angepaswa kulifikiria. Waingereza walikuwa na manowari ziwani, za Spicer-Simson, zilizotakiwa kuwazuia wasitoroke. Alikuja mpaka mbele ya Kasanga, akaitazama mizinga juu ya ngome, akaona ni mikubwa mno kwake, akaondoka. Inasimuliwa kwamba baadaye ilibainika mizinga ile ilikuwa ya miti. Mfano wa mzinga, kwa kipimo cha moja kwa moja, umetengenezwa kwa shoka, uliwafukuza wanamaji wa Uingereza. Kama kuna mahali duniani ambapo sisi tunaochezea mifano tungepaswa kujenga mnara, ni Kasanga.

Sasa rudi kwenye swali la Mwalimu. Kutoka mpakani hadi Kasanga, na kutoka Kasanga kupanda huku juu Sumbawanga, kitu kilichobeba chakula, maji, risasi, mahema, dawa, vitanda vya maofisa na mitungi yao ya pombe kilikuwa kichwa cha mtu. Hilo ndilo lilikuwa gari la vita vile. Waingereza peke yao walikusanya watu wanaokadiriwa kufika milioni moja kuwa wapagazi, kwa hiari kidogo na kwa nguvu sana. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa, wachache kwa risasi. Hapo hujahesabu wa Wajerumani, wa Wabelgiji wala wa Wareno.

Niliporudi nyumbani Jumamosi ile nilichukua karatasi. Mpagazi anabeba karibu kilo 27. Anakula, tuseme, kilo moja ya unga kwa siku. (Nilipomwonyesha, Mwalimu alisahihisha: “Ulezi. Wakati ule hapa watu wanakula ulezi.” Sawa, kilo moja ya ulezi.) Kasanga hadi Sumbawanga kwa barabara ya lami ya leo ni kilomita 112. Kwa mguu na mzigo, ukipandisha ukingo wa bonde, weka siku sita. Kwenda na kurudi siku 12. Atakula kilo 12 za mzigo wake mwenyewe, atafikisha 15. Kombania moja ya askari 150 inahitaji kilo 150 kwa siku, kwa hiyo lazima wafike wapagazi kumi kila siku, na kila mmoja yuko njiani siku 12. Jumla watu 120 wasiopumzika, kwa chakula tu, bila risasi hata moja.

Sogeza kombania hiyohiyo siku sita zaidi, iwe mwendo wa siku 12 kutoka ziwani. Safari ya kwenda na kurudi ni siku 24. Mpagazi atakula 24, atafikisha kilo tatu. Lazima wafike 50 kila siku, kila mmoja kwa siku 24.

Watu 1,200.

Umbali umezidi mara mbili, watu wamezidi mara kumi. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea kuzidisha. Askari ni walewale 150. Ukisoma kwamba Lettow-Vorbeck aliwakimbiza Waingereza huku na huko kwa miaka minne mpaka akasalimu amri Abercorn Novemba 25, 1918, saa chache kwa gari kutoka hapa nilipokaa, usifikirie ujanja wa jenerali. Fikiria hesabu hii. Alichofanya ni kurudi nyuma. Kila aliporudi nyuma, upande wa pili ulilazimika kwenda kukamata watu wengine. Na hata siku ya kusalimu amri, wapagazi katika msafara wake walikuwa wengi kuliko askari.

Basi nikafungua tena orodha za watengenezaji, zile nilizokuwa nikizisoma kama mwingine anavyosoma magazeti, nikatafuta gari hili la kweli. Nikatafuta mtu mwenye mzigo kichwani.

Najua nitajibiwa kwamba wapo. Wapo, ndiyo, katika kipimo kikubwa cha milimita 28. Wengi wametengenezwa kwa ajili ya michezo ya wavumbuzi, yule bwana mwenye kofia ngumu mbele na mstari wa watu wenye masanduku nyuma yake. Katika kanuni nilizosoma mimi, kazi yao ni kuwa alama ya mali. Ukiwafikia umepata sanduku. Hawali, hawaugui, hawatoroki usiku. Nilipiga hesabu ya kununua 120 wa aina hiyo ikakaribia bei ya bodaboda iliyochoka. Katika kipimo changu kidogo, ambacho ndicho kinachofaa kwa watu wengi, kila aina ya gari la deraya inatafutwa na kubishaniwa, na kwa miaka miwili sikumwona mtu hata mmoja akiuliza apate wapi wapagazi. Mimi mwenyewe sikuuliza.

Tazama jinsi tunavyoutengeneza mzinga wa Königsberg. Manowari hiyo ya Wajerumani ilizamishwa Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ya milimita 105 ikatolewa majini na kupachikwa magurudumu, ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja bado uko Fort Jesus, Mombasa, watalii wanapiga nao picha. Ni kipenzi cha wacheza vita: mzinga wa meli juu ya magurudumu ya gari la kukokotwa, nani asiutake? Umetengenezwa kwa vipimo mbalimbali, na nimeona watu wakijadili idadi ya spoki. Mzinga ule ulivutwa kwa kamba na mamia ya watu. Tafuta kamba. Tafuta watu.

Au zile boti mbili, Mimi na Toutou. Waingereza walizileta kutoka London, kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, kisha zikakokotwa na mitambo ya mvuke, ng'ombe na watu kupita milima ya Mitumba mpaka zikafika ziwani, ambako Desemba 1915 ziliiteka Kingani na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Majina hayo ni ya kitoto ya Kifaransa, paka na mbwa, baada ya wakubwa kukataa ziitwe hivyo kwa Kiingereza. Kwa sikio letu, boti inaitwa Mimi. Urefu wake ni mita 12, kwa hiyo katika 1/300 Mimi nina sentimita nne. Hadithi yake inapendwa mno, na sehemu inayopendwa zaidi ni safari ya nchi kavu. Ila anayeiweka Mimi mezani anaiweka majini, tayari imefika. Waliokata ile barabara na kujenga madaraja yake wameachwa ndani ya kitabu.

Mtu atasema natafuta ugomvi na wachonga bati. Ningekubali kama wachonga shaba wangekuwa bora. Nenda katikati ya Dar es Salaam uitazame Sanamu ya Askari, iliyowekwa 1927. Juu pale yuko askari mmoja, bunduki mbele, peke yake. Nairobi, ya wakati uleule, wako watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ya Dar, mji ambao una mtaa mzima ulioitwa Kariakoo kwa sababu ya kambi ya wapagazi, haina mpagazi juu pale. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya wanajeshi wake ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Wenye serikali na bajeti wamekiri. Sisi wenye blanketi la kijani bado tunabishana kuhusu ribiti.

Na si vita vya wazungu tu. Kuna vijana siku hizi wanaoanza kucheza vita vya Kagera, jambo jema sana, na maswali yao yote ni ya vifaru. Nani anatengeneza Sherman kama zile za Amin, zilizotoka Israel? Type 59 yetu ya Kichina, je, nitumie T-54 maana ni ndugu? BM-21 je, zile ambazo Waganda waliziita Saba Saba? Vyote vinapatikana, vijana wangu, na T-54 inafaa, msipoteze pesa. Lakini jeshi lililotoka hapa mwaka 1978 kwenda Kagera lilibebwa na mabasi na malori yaliyochukuliwa kwa watu binafsi na mashirika. Nani amewahi kuniuliza basi? Basi la abiria la miaka ya sabini, la 1/285, lenye mizigo juu ya paa? Hilo ndilo ningelipia gunia la mahindi.

Tukaamua kuwatengeneza wenyewe. Naona aibu kidogo kwamba ilichukua muda kufikia wazo hilo, katika nchi hii ya Ufipa ambayo iliyeyusha chuma kwenye malungu, yale matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, muda mrefu kabla mimi sijaanza kuagiza bati ng'ambo. Watoto wa hapa wanatengeneza magari ya mabua na ya waya kila msimu wa mavuno bila kumuuliza mtu kipimo. Mwalimu aliwaita wajukuu zake wanne, akawapa udongo wa mfinyanzi uliochekechwa, akawaahidi maandazi. Kwa vidole huwezi kufinyanga mtu wa milimita sita. Walitoka wa sentimita mbili, wengine mbili na nusu, wawili wakiwa na shingo kama twiga. Kando ya gari langu la milimita 17 wanaonekana majitu. Kipimo kimevunjika kabisa, na mwenzetu yeyote wa ng'ambo akiona picha atafunga macho. Lakini wako 120, kila mmoja akisimama badala ya watu kumi. Nimebaki na msimamo huo: kipimo si sahihi, idadi ni sahihi, na kati ya makosa hayo mawili najua ni lipi naweza kulala nalo.

Kabla hawajakauka nilimpelekea bibi yangu mzaa mama wanane, kijijini kwao njia ya Matai, nikitaka tu kumchekesha. Baba yake alichukuliwa vitani. Nilijua hilo tangu utotoni kama unavyojua kwamba kisima fulani kilikauka. Bibi alimshika mmoja, akamgeuzageuza.

“Huyu mbona hana ngata?”

Sikumwelewa.

“Mzigo umekaa kwenye fuvu, mjukuu wangu. Ngata yake iko wapi? Atafika wapi hivyo?”

Akaniambia kwamba baba yake hakuwahi kumruhusu mtoto abebe ndoo kichwani bila ngata, hata ndoo iwe tupu. Alikuwa mpole kwa mambo mengine yote, ila kwa hilo angeweza kumfukuza mtoto mpaka mtoni. Nikamuuliza alichukuliwa na nani, Wajerumani au Waingereza. Alifikiri.

“Walikuja wenye bunduki,” akasema.

Nilikuwa nimekwenda na swali la mchezaji: huyu ni wa upande gani, nimpake rangi gani. Nikarudi mjini na wapagazi saba, maana mmoja alibaki naye, na wajukuu wa Mwalimu wakalipwa maandazi mengine kuongeza kijiduara cha udongo juu ya kila kichwa.

Pingamizi kubwa nimelisikia mara nyingi, na ni la haki: mchezo ni mchezo. Nani atakaa mezani saa nne akisogeza watu wenye mizigo? Vita vya mezani vina raha yake, mzinga unalia, kifaru kinawaka, mmoja anashinda. Ukitaka kuomboleza nenda kanisani. Nakubali kwamba tunataka kufurahi. Ninachokataa ni kwamba hili halifurahishi, maana sijawahi kucheza mchezo mgumu kama ule wa Julai.

Nilikuwa Mwingereza. Nilikuwa na kombania yangu, vijisanamu 15, na gari langu la deraya, ambalo Mwalimu aliniruhusu kulitumia kwa sharti kwamba na petroli yake ibebwe. Yeye alikuwa na askari pungufu ya wangu. Nilitua Kasanga, nikapanda uwandani, nikafika Sumbawanga nikiwa na wapagazi 12 wa udongo mstarini, kila kitu sawa. Mwalimu akarudi nyuma kuelekea Rukwa. Nikamfuata. Akarudi nyuma tena. Gari lilisimama kabla ya Mbizi. Petroli ilihitaji wapagazi ambao sikuwa nao, na barabara haikuwepo, kama alivyokuwa ameniuliza toka mwanzo. Kufikia siku ya kumi ya mchezo nilikuwa nimeweka mezani wapagazi 80 na bado hawatoshi. Hapakuwa na nafasi ya kuweka rula. Mwalimu hakuwa amerusha dadu hata mara moja. Alikuwa anakunywa chai.

Kanuni tuliyokuwa tumeiandika inasema unaweza kuwapunguzia wapagazi posho kuwa nusu. Ukifanya hivyo, kwa kila kijisanamu unarusha dadu. Ikija moja au mbili, unamtoa. Nilifanya hivyo bila kusita, kwa sababu nilikuwa karibu kumkamata. Nikarusha, nikatoa. Nikarusha, nikatoa. Kabla ya chai kwisha nilikuwa nimetoa 31 na kuwapanga kwenye sinia, ili meza ipumue.

Mjukuu mdogo wa Mwalimu, mwenye miaka sita, aliyekuwa amewafinyanga wale wa shingo ndefu, akaja akasimama kando ya sinia.

“Babu, hawa wameenda wapi?”

“Muulize kamanda,” Mwalimu akamjibu, bila kunitazama.

Askari wangu 15 walikuwa wote mezani, wazima. Sikuwa nimepoteza hata mmoja. Katika kanuni zozote za kununuliwa nilizo nazo, nilikuwa naongoza.

Anayetaka kubishana na mimi kuhusu 1/285 na 1/300 ninamkaribisha, bado napenda ubishi huo na nina mizani ya vipimo mfukoni. Lakini kabla hajanionyesha gari lake, aniambie amekuja na watu wangapi wa kulibebea petroli, na aniambie wanakula nini na mpaka lini. Akiniambia hawapo dukani, nitamwelekeza udongo unapochimbwa.

Jumamosi hii tunacheza Saisi. Mwalimu anataka kuwa ndani ya ngome safari hii, kwa hiyo mimi ndiye nitakayekuwa na safu ndefu kutoka kaskazini. Tumefinyanga wengine 40 kwa ajili hiyo, lakini kwa baridi hii 38 bado ni wabichi, na wawili tulioweka karibu na jiko wamepasuka.